Shaka yetu iende kwenye daftari

Jumapili ya tarehe 30 Desemba 2018, watu wa Kirumba, katika jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, walipanga mstari mbele ya mashine. Ilikuwa na kioo kikubwa cha kugusa. Mpiga kura aligusa picha ya mgombea wake, mashine ikamchapia karatasi, naye akaikunja na kuitumbukiza sandukuni. Siku hiyohiyo, ukifuata barabara ya taifa namba 2 kwenda kaskazini, ukapita Lubero na kufika Butembo, kisha ukaendelea hadi Beni, katika miji hiyo miwili hapakuwa na mashine hata moja iliyowashwa. Siku nne tu kabla, Tume ya Uchaguzi, CENI, ilikuwa imetangaza kwamba mji wa Beni, eneo la Beni na mji wa Butembo, pamoja na Yumbi kule magharibi mwa nchi, watasubiri hadi mwezi Machi. Kwa upande wetu sababu zilizotajwa zilikuwa mbili: Ebola na ukosefu wa usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni moja wakawekwa kando kwa tangazo moja.

Watu wa Beni hawakukaa nyumbani. Walijiandalia uchaguzi wao wenyewe, kwa karatasi, kalamu na masanduku ya kuazima. Kabla ya kupiga kura kila mtu alinawa mikono, ili mwenye macho aone kwamba mstari wa kura hauna hatari zaidi kuliko mstari wa sokoni au wa kanisani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amefunga mlango. Karatasi zilipohesabiwa, mgombea urais wa upinzani, Martin Fayulu, aliongoza kwa mbali. Kura hizo hazikuwa na uzito wowote kisheria, na waliozipiga walijua hivyo. Matokeo ya nchi yalitangazwa tarehe 10 Januari 2019: Félix Tshisekedi, asilimia 38.57. Akaapishwa tarehe 24 mwezi huohuo. Butembo na Beni walipofikiwa hatimaye na mashine, tarehe 31 Machi, walichagua wabunge tu, maana rais alikuwa tayari na miezi miwili ofisini.

Naanza na siku hiyo kwa sababu kuna wimbo tumechoka kuusikia. Kila jambo jipya likiletwa Butembo, Beni au huku kwetu Lubero, na watu wakasita, wataalamu wa Kinshasa na wa mashirika ya nje husema: hawa watu wagumu, wanaamini uvumi, wanaogopa teknolojia. Wimbo huo siku hizi unaimbwa hata na watoto wetu waliosoma mbali. Ni uongo. Kabla minara ya simu haijafika, wafanyabiashara wa Butembo walipanga bei na safari za mizigo kwa redio za fonie, na leo wanaagiza kontena kutoka Dubai na Guangzhou wakiwa wamesimama dukani na simu mkononi. Hakuna serikali wala mradi uliowafundisha.

Tatizo letu liko penginepo. Shaka tunayo, tena ya haki, lakini mara nyingi tunailenga vibaya. Mnunuzi wa maharage anayejua kazi yake hatazami uso wa gunia; huzamisha mkono hadi chini. Sisi, linapokuja suala la mashine za serikali, tumeshinda tukibishana juu ya uso wa gunia.

Chukua hiyo mashine ya kura. Ilitengenezwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini, na nchi ikanunua zaidi ya laki moja. Mapema mwaka 2018 ubalozi wa Korea Kusini mjini Kinshasa ulijitenga hadharani na biashara hiyo. Huko New York, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, Nikki Haley, alikuwa ameshauri uchaguzi ufanyike kwa karatasi. Mitaani watu waliiita mashine ya kuiba. Zikapita hadithi za kila aina: kwamba inakumbuka uso wa aliyeigusa, kwamba ukigusa picha ya huyu inachapa jina la yule, kwamba usiku inajipigia kura yenyewe. Wiki mbili kabla ya uchaguzi, tarehe 13 Desemba, moto ukateketeza ghala la CENI mjini Kinshasa pamoja na maelfu ya mashine hizo. Hata asiyependa uvumi alianza kukuna kichwa.

Sasa tuulize kwa utulivu: wizi, kama ulikuwapo, ulipitia wapi? Karatasi zilizochapwa ndizo zilizohesabiwa kwa mkono katika kila kituo cha kura. Mashahidi wa vyama walikuwapo, karatasi za matokeo zilijazwa na kubandikwa mlangoni. Kanisa Katoliki, kupitia baraza la maaskofu CENCO, lilikuwa na waangalizi wapatao 40,000 nchi nzima, na maaskofu wakasema kwamba takwimu walizokusanya zinamwonyesha mshindi bila utata. Gazeti la Financial Times la London lilipata takwimu zilizovuja na kuandika kwamba Fayulu alikuwa na takriban asilimia 59. Kama takwimu hizo ni sahihi, basi kati ya mlango wa kituo na kipaza sauti cha Kinshasa, hesabu ilibadilika njiani. Na dawa ya kuthibitisha au kukanusha ilikuwa rahisi kabisa, tena imo katika sheria: chapisheni matokeo ya kila kituo, kimoja kimoja, kila mwananchi alinganishe na ile karatasi aliyoiona mlangoni. CENI haikufanya hivyo.

Kwa hiyo miezi yote ile tuliyoitumia kuchunguza kioo, ilifaa tuitumie kudai daftari. Wapinzani waliandamana kupinga mashine. Ni wachache waliotaka ahadi ya maandishi, kabla ya siku ya kura, kwamba jedwali la vituo vyote litawekwa wazi. Mashine ilifanya kazi ya ngao. Sote tulikuwa tunaitazama yenyewe.

Upande wa fedha pia. Tarehe 21 Machi 2019, Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo mwenyekiti wa CENI, Corneille Nangaa, pamoja na wasaidizi wake, ikidai kwamba bei ya mkataba wa mashine iliongezwa kwa kiasi kinachoweza kufikia dola milioni 100. Yeye alikanusha. Mahakama yetu haikumhoji juu ya hilo, na mwananchi wa kawaida hajawahi kuonyeshwa mkataba wenyewe, ingawa malipo yalitoka katika hazina yake.

Na hapa historia ilitufanyia mzaha ambao hata mtunzi wa maigizo angeogopa kuuandika. Tarehe 15 Desemba 2023, mjini Nairobi, Nangaa huyohuyo alizindua muungano wa Alliance Fleuve Congo pamoja na waasi wa M23. Mwishoni mwa Juni 2024, wapiganaji wa M23 waliiteka Kanyabayonga, kisha wakaingia Kirumba. Mwezi Agosti mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu Nangaa kifo akiwa hayupo. Mtu aliyesaini tangazo la kuwanyima kura Beni na Butembo alirudi Kivu Kaskazini kwa mlango wa silaha, akisema anakuja kutukomboa kutoka kwa serikali ya rais ambaye ni yeye mwenyewe aliyemtangaza mshindi. Kinshasa nayo inamwita msaliti, lakini haijasema kwamba matokeo aliyoyasoma yalikuwa na kasoro. Kila upande una sababu ya kuliacha daftari la 2018 limefungwa.

Uchaguzi wa Desemba 2023 ulitumia tena vifaa vya aina hiyo, chini ya mwenyekiti mpya, Denis Kadima. Lubero ilipiga kura. Masisi na Rutshuru hazikupiga kwa sababu ya vita. Baada ya wiki mbili CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa makosa yakiwemo rushwa, udanganyifu na kukutwa na vifaa vya kupigia kura isivyo halali. Fikiria: kifaa cha kura nyumbani kwa mgombea! Walioitwa wajinga mwaka 2018 kwa kuogopa kwamba mashine inaweza kupiga kura usiku walikaribia kupata haki yao. Tofauti ni kwamba haikujipigia yenyewe. Kulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na funguo.

Hadi hapo nimewatetea wenye shaka. Sasa nitawaudhi.

Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini mwetu ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo, baada ya ule wa Afrika Magharibi. Mwezi Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo: mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo, na chini ya theluthi moja ndio waliosema wanaiamini serikali ya mahali kwamba inawatetea. Takwimu hizo mbili zilichapishwa pamoja, na zinapaswa kusomwa pamoja.

Maana mambo yalikuja kwa mpangilio wa ajabu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wanachinjwa usiku, kijiji baada ya kijiji, na kundi la ADF. Walipiga kelele, wakafunga maduka, wakazika. Msaada haukuonekana. Halafu virusi vikaja, na katika miezi michache barabara zikajaa magari meupe, nyumba nzuri zote zikapangishwa kwa dola, na vijana wa mji wakaona mishahara ambayo hawajawahi kuiota. Mwaka 2019 surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao watoto wadogo. Haikuletewa hata robo ya magari hayo. Mtu akauliza: ugonjwa huu una nini hadi ulimwengu ukimbie hivi, ilhali panga la kila usiku halimkimbizi mtu? Swali hilo lilikuwa la akili timamu. Kisha ikaja Desemba 26, kura ikafutwa kwa jina la Ebola, na kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Mwanasiasa alitumia ugonjwa kama kisingizio, na nesi ndiye aliyerushiwa mawe.

Jibu la watu lilikuwa: basi chanjo nayo ni biashara. Hapo ndipo shaka ilipoua. Chanjo ya kampuni ya Merck walipewa watu zaidi ya laki tatu, na hesabu za Shirika la Afya Duniani za Aprili 2019 zilionyesha kwamba ilizuia ugonjwa kwa zaidi ya asilimia 97. Dawa mbili za kwanza za Ebola kuidhinishwa popote duniani, mwishoni mwa 2020, zilijaribiwa hapa hapa, katika vituo vya Beni, Mangina, Butembo na Katwa, chini ya usimamizi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe, na moja ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995. Mgonjwa aliyefika mapema alikuwa na nafasi kubwa ya kurudi kwao. Aliyefichwa chumbani kwa sababu ya uvumi alikufa, na mara nyingi hakufa peke yake.

Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa, ndani ya siku tatu. Tarehe 19 Aprili daktari kutoka Kamerun, Richard Mouzoko, mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi na kuuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Watu wa nyumbani walichangia wenyewe ili watoto wao wasome bila kungoja Kinshasa. Na ndani ya jengo hilo ndimo daktari mgeni alipouawa. Sijaona aibu kubwa zaidi kwa mji huu.

Lakini fedha? Kwenye fedha watu hawakukosea hata kidogo. Waliiita Ebola business, na matukio yakawathibitisha. Waziri wa afya, Dakta Oly Ilunga, alijiuzulu Julai 2019. Machi 2020 alihukumiwa miaka mitano ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola laki nne za mapambano dhidi ya Ebola, mashtaka aliyoyakana. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti juu ya wanawake na wasichana waliolazimishwa kutoa miili yao ili wapewe kazi kwenye mapambano hayo: watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wameajiriwa na Shirika hilo lenyewe. Basi uovu ulikuwapo. Ulikuwa katika orodha ya malipo, katika mikataba ya magari, katika ofisi ya anayeajiri. Chupa ya chanjo ilikuwa safi.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi methali hii naiogopa. Imetumika kumpa heshima kila mzushi mwenye simu. Lisemwalo lipo, sawa, ila halipo pale linapoelekezwa. Kijiji kizima kiliona moshi na kikakimbilia nyumba isiyoungua.

Kuna safari moja tulilenga sawasawa, na tulishinda. Nataka tuikumbuke zaidi kuliko zile za kushindwa.

Septemba 2020 wizara ya posta na mawasiliano, chini ya waziri Augustin Kibassa Maliba, pamoja na mamlaka ya udhibiti ARPTC, walianzisha daftari la simu lililoitwa RAM. Maelezo yalikuwa mazuri: kila simu ina namba yake ya kuzaliwa, tutaziandikisha zote, simu ya wizi itafungwa, simu bandia itafukuzwa nchini. Gharama: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya intaneti. Na utaratibu wa kulipa ulikuwa wa kipekee. Hukuenda ofisini, hukuletewa karatasi, hukuulizwa. Ulinunua unite za simu kibandani, ukaziingiza, na kabla hujapiga namba ya mtu sehemu yake imekwisha kunyofolewa.

Mama anayeuza vitunguu sokoni Kirumba hakuhitaji mtaalamu amfafanulie. Ameweka unite za kumpigia mteja wa Butembo, simu inamwambia salio halitoshi. Siku ya pili vilevile. Hakusema simu ina pepo. Hakusema minara inaleta saratani. Alisema: wamekula unite zangu, nani kala? Na nchi nzima ikauliza swali hilohilo, moja, fupi, lisilo na uchawi ndani yake. Vijana wa LUCHA, harakati iliyozaliwa Goma mwaka 2012, waliandamana hadi mbele ya ofisi za serikali. Wabunge wakamwita waziri. Takwimu zake juu ya fedha zilizokusanywa na zile walizokuja nazo wabunge hazikukaribiana, na ikajulikana kwamba sehemu ya makusanyo ilikuwa inakwenda kwa kampuni binafsi ya ufundi. Simu za wizi ziliendelea kuuzwa kama kawaida. Mapema mwaka 2022 serikali ya waziri mkuu Sama Lukonde iliifuta RAM.

Kwa nini hapa tulifaulu? Nafikiri ni kwa sababu kila mtu alikuwa na daftari lake mfukoni. Alijua jana alinunua unite za kiasi gani na leo zimebaki ngapi. Hakuna msemaji wa wizara angeweza kumwambia kwamba hakuelewa. Kwenye kura, daftari lilikuwa Kinshasa. Kwenye Ebola, lilikuwa Kinshasa na Geneva. Kwenye RAM lilikuwa kwenye kiganja cha mkono. Na hata hivyo ushindi haukukamilika: kodi ilifutwa, lakini unite zilizoliwa kwa mwaka mmoja na zaidi hazikurudishwa kwa mwenyewe.

Kuna watakaoniambia: ndugu mwandishi, haya ni ya zamani, sasa kuna vita. Ndiyo. Ni kwa sababu ya vita ndipo naandika. Vita ndicho kivuli ambamo sera hupitishwa bila kuulizwa. Utawala wa kijeshi ulitangazwa Ituri na Kivu Kaskazini kuanzia tarehe 6 Mei 2021, kwa siku 30. Bunge likawa linauongeza kila wiki mbili, miaka ikapita, mauaji ya Beni yakaendelea na M23 wakapanuka. Au tazama Starlink, intaneti ya satelaiti ya Elon Musk. Machi 2024 ARPTC iliipiga marufuku, na hoja mojawapo ilikuwa usalama: waasi wangeweza kuitumia. Mei 2025 ikapewa leseni, wakati ambapo M23 walikuwa wameshika Goma na Bukavu pia. Hatari iliyotajwa 2024 ilikuwa imekua, na ruhusa ikatolewa palepale. Kama hoja ya kwanza ilikuwa ya kweli, ya pili inahitaji maelezo. Kama ya pili ni sahihi, wakulima na shule za vijiji visivyo na mnara walipotezewa mwaka mzima.

Nikiri upande wa pili pia, maana shaka isiyokubali kitu ni ugonjwa. M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa. Serikali ya jimbo ikahamia Beni. Akiba za watu zikabaki nyuma ya milango ya chuma. Kilichobaki ni pesa za simu, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, zilizovuka mstari wa vita ambao lori la vitunguu lilishindwa kuuvuka. Familia zilizokimbia kutoka Kirumba na Kayna kwenda Butembo zilitumiwa chakula kwa njia hiyo. Noti zilipoadimika, makato ya kutoa pesa kwa wakala yalipanda kwa namna ya kumkamua mnyonge, na nasema hilo ni unyonyaji, lakini yalijulikana. Mtu alisimama mbele ya kibanda, akaambiwa kiasi gani kinakatwa, akakubali au akaenda kwa wakala wa jirani. Hiyo ndiyo teknolojia ambayo watu wagumu wa Grand Nord, yaani sisi wa Beni, Butembo na Lubero, waliipokea bila semina.

Sasa kinakuja kitu kikubwa kuliko vyote hivyo. Nchi yetu haijafanya sensa tangu 1984, na kwa miaka mingi kitambulisho chetu kimekuwa kadi ya mpiga kura. Zile zilizotolewa katika uandikishaji wa karibuni zina wino unaofutika. Kuna watu leo wanaobeba kipande cha plastiki kilicho karibu kuwa cheupe, na kila kizuizi barabarani wanaanza upya kueleza wao ni nani. Kwa hiyo kitambulisho cha taifa kinahitajika, sina ubishi. Juni 2023 rais alikabidhiwa cha kwanza mbele ya kamera. Halafu ikafahamika kwamba nyuma yake kulikuwa na mkataba na kampuni ya Idemia ya Ufaransa na mshirika wake Afritech, ulioripotiwa kuzidi dola bilioni moja, na baada ya kelele za vyombo vya habari na vyama vya kiraia serikali ikauvunja mwaka 2024. Mradi utarudi kwa jina jingine. Lazima urudi, kwa sababu hakuna nchi inayoishi bila kujua watu wake.

Siku watakapofika na kifaa cha alama za vidole, Kirumba, Lubero, Butembo au Oicha, watakuwapo watakaosema kifaa hicho kinanyonya damu, kina alama ya mnyama wa Ufunuo, kinapeleka nyuso zetu Kigali. Nawasihi wasomaji, na hasa wachungaji, mapadri, walimu na watangazaji wa redio zetu: msiwape nafasi. Watatupotezea wakati kama walivyotupotezea 2018, na kwa chanjo walitupotezea watu. Ulizeni bei ya kadi moja na jina la mwenye kampuni. Ulizeni alama za vidole vyetu zitahifadhiwa kwenye kompyuta za nani, katika nchi gani, na nani ataruhusiwa kuzifungua. Ulizeni mtu aliye upande wa M23 ataandikishwa vipi, au ndiyo atafutwa tena kwa tangazo la siku nne. Mbunge wako akija kuomba kura, mwambie alete nakala ya mkataba kabla ya kuleta fulana na chumvi.

Na mkimkuta yeyote wa CENI, mkumbusheni kwamba matokeo ya kila kituo ya 2018 bado tunayadai.